Pikapu Iliyoinamisha Pua

Kila Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, Samah alikuwa na kazi moja nyumbani kwao Bofu, Likoni: kuosha pikapu ya babake. Haikuwa kazi nyepesi kwa msichana wa gredi ya sita. Babake, Awadh, alikuwa ameiinua pikapu hiyo na kuitia magurudumu makubwa ili ipite kwenye matope ya vijiji vya Kwale, alikopeleka saruji na mabati.

Halafu akafunga mbele bampa nzito ya chuma na winchi ya kujivutia anapokwama. Tangu hapo pikapu ikainamisha pua. Kila ilipoinama, Awadh alisokomeza vipande vya mpira katikati ya springi za mbele. Ilinyanyuka siku chache, kisha ikarudi chini. Mkewe, Kuluthum, alikuwa amechoka na mchezo huo.

“Baba Samah, kila wiki wewe uko uvunguni mwa gari,” alisema. “Kwa nini usimpe fundi Katana alitazame?”

“Nitampa, inshallah,” alijibu Awadh, kama alivyojibu wiki iliyopita.

Siku hiyo walikuwa waende Msambweni kumjulia hali nyanya, mamake Kuluthum, aliyekuwa ametoka hospitali. Safari ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili kwa sababu ya pikapu hiyohiyo. Kwa hivyo Samah alipopitisha kitambaa kwenye tairi la mbele la kushoto na kuona ubavu wake umekwaruzika vibaya, moyo ulimshuka. Ndani ya madigadi, kifuniko cha juu ya gurudumu, mlikuwa na chembechembe nyeusi za mpira. Tairi lilikuwa likisugua madigadi.

“Samah,” babake aliita.

“Abee, Baba.”

“Kuko sawa huko mbele?”

Samah akazifuta zile chembe kwa kitambaa. “Kuko sawa.”

Wakaondoka. Baada ya kupita Ukunda, kila walipopiga kona ulisikika mlio wa kukwaruza.

“Mlio gani huo?” aliuliza Kuluthum.

“Ni barabara tu,” alisema Awadh.

Samah alitazama dirishani. Walipovuka tuta la barabarani, pua ya gari ilizama na tairi likapasuka kwa kishindo. Gari liliyumba, likaacha lami na kusimama mchangani. Mdogo wake Samah, Ihsan, aligonga mdomo kwenye kiti cha mbele, damu ikamchuruzika.

Kuluthum aliupangusa mdomo wa mtoto kwa ncha ya leso. Alipohakikisha meno yote yapo, alimgeukia mumewe. “Sasa niambie tena ni barabara.”

Awadh alishuka kulitazama tairi. Samah ndiye aliyeanza kulia. “Mama, mimi nililiona tairi limekwaruzika asubuhi. Niliogopa safari itaahirishwa tena.”

Awadh alifunga tairi la akiba, wakarudi Likoni polepole bila kumwona nyanya.

Jioni hiyo walifika gereji ya Katana. Fundi aliinua gari kwa jeki, akatoa vipande vya mpira vilivyosagika na kuviweka mbele ya Awadh. Kisha akaigonga springi kwa kidole.

“Hizi zilifaa gari lisilo na bampa wala winchi,” alisema. “Umeziongezea mzigo, zimechoka. Mpira hauziongezi nguvu, unaficha tu.”

Jumamosi iliyofuata Katana alifunga springi nene zaidi, zilizotengenezwa kubeba uzito ule, kushoto na kulia. Akaizungusha pikapu mtaani ili springi zikae mahali pake. Iliporudi, pua ilikuwa imesimama sawa na mkia. Kuluthum alikuwa ameshawaletea hapo gereji nguo na kapu la vyakula vya mgonjwa, tayari kwa safari.

“Samah, chungulia ndani ya madigadi babako akikata usukani,” alisema Katana.

Awadh aliukata usukani kushoto hadi mwisho. Tairi halikugusa kitu. Alipoukata kulia, Samah aliona plastiki ya ndani ya madigadi, iliyopinda siku ile ya ajali, ikilamba tairi kidogo. Alitazama kapu la mamake.

“Baba, simama. Bado linagusa huku.”

Katana aliinama, akatikisa kichwa. “Kweli. Nitaibadilisha plastiki hii, kisha magurudumu yapimwe yaende sambamba. Ni kesho.”

Kuluthum alishusha pumzi ndefu, akaketi juu ya tairi kuukuu. “Kesho tena. Wallahi, gari hili litanizeesha.” Akatoa simu na kumweleza mamake kwamba wamechelewa.

Kesho yake walifika Msambweni bila mlio wowote njiani, na nyanya akawapokea mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya chakula, Kuluthum aliwaita mume na binti yake barazani.

“Mmoja wenu alificha ubovu kwa mpira, mwingine kwa kitambaa,” alisema. “Wote mlitaka kuokoa muda, na karibu mpoteze watoto wangu. Ubovu ukifichwa hauponi, hukua. Samah, jana ulituchelewesha, nami nilikasirika. Lakini afadhali unikasirishe kwa ukweli kila siku kuliko unifurahishe mara moja kwa uongo.”

“Nimesikia, Mama,” alisema Samah.

Kuluthum akamtazama mumewe, akingoja.

“Na mimi nimesikia,” alisema Awadh.