Ncha ya Mshale Chini ya Jabali

Kila asubuhi ya likizo ile, Raelynn alikunywa chai yake wima, akafunga kofia kwa kamba ili upepo usiibebe, kisha akateremka na shangazi yake Delphine mpaka chini ya jabali. Hapo palijaa mifupa ya nyati, tabaka juu ya tabaka. Wazee wa kabila lao la Blackfoot, wenyeji wa asili wa nyanda hizo, walisema tangu enzi kwamba mababu waliwaswaga nyati mpaka ukingoni juu, nyati wakaporomoka, na kambi nzima ikapata nyama ya kuvukia majira ya baridi.

"Hadithi za mabibi hizo," walisema watu wa kampuni ya kokoto waliotaka kulipasua jabali. Kwao, mifupa ile ililetwa na mafuriko. Shangazi Delphine, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuwa amechimba tangu theluji iyeyuke, na hajapata hata jiwe moja lililochongwa na mtu. Leo mkaguzi wa serikali alikuwa njiani. Asipoona dalili ya wawindaji, matingatinga yangeingia Jumatatu.

"Tumekwisha, mwanangu," Shangazi alisema, akaenda barabarani kumpokea mgeni.

Raelynn alibaki peke yake. Mfukoni alikuwa na ncha ya mshale ya jiwe jeusi, aliyoichomoa kwenye kopo la sindano la bibi yake. Si mababu waliwinda hapa kweli? Basi huu si uongo, alijiambia, ni msaada tu. Akaichomeka kati ya mbavu mbili shimoni, akaifukia, akausawazisha udongo kwa kiganja.

Mkaguzi, Bwana Kowalchuk, alikuwa mtu wa maneno machache. Alichuchumaa kando ya shimo, akatazama. Shangazi alipitisha brashi polepole, mara mkono ukasita.

"Bwana Kowalchuk, sogea uone," alisema, akionyesha ncha nyeusi kati ya mbavu.

Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Raelynn hakuwahi kumwona shangazi yake akilia kwa furaha, na furaha ile ilimchoma kuliko fimbo. Mkaguzi akatoa kamera.

"Usipige," Raelynn alisema. "Nimeiweka mimi. Ni ya Bibi."

Shangazi aliketi chini.

"We mtoto, unajua ulichokifanya?"

"Nilitaka kusaidia, Shangazi."

Bwana Kowalchuk alianza kufunga begi lake. "Sasa nitajuaje kama vingine humu havikupandikizwa?"

"Kwa maneno yangu hutajua," Shangazi alijibu, akainuka. "Shimo hili lote usilihesabu. Chagua mwenyewe mahali ambapo hatujagusa, uchimbe kwa mkono wako."

Mkaguzi alimtazama Raelynn kwa muda mrefu. Kisha akavua koti.

Alichimba kona ya mbali mpaka jasho likamtoka, nao wamesimama pembeni. Hatimaye akatoa mfupa wa paja, akauosha, akauinua machoni. Karibu na kiungo palikuwa na mikwaruzo myembamba iliyofuatana, pale pale mchinjaji anapokata mishipa. Ndani ya mikwaruzo hiyo chokaa ilikuwa imeganda kuwa ukoko mgumu wa kale.

"Mafuriko hayashiki kisu," alisema. "Hapa hapaguswi."

Raelynn akaangua kilio. Shangazi alimvuta kifuani, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Usidhani imekwisha. Hiyo ncha utamrudishia Bibi mwenyewe, na utamweleza yote."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ushike hili. Ulitaka kuwatetea mababu, ukakaribia kuwafanya waongo. Mtu akikamatwa na uongo mmoja, hata mifupa yake ya kweli haisadikiwi." Akamfuta machozi kwa kidole kilichojaa udongo. "Unajua kwa nini yule bwana alivua koti badala ya kuondoka? Alikusikia ukisema kweli wakati uongo ndio uliokuwa unatufaa."