Moto Chini ya Friji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nyasuguta alikuwa na kazi tatu. Alichemsha bomba la sindano katika sufuria ndogo. Alitoa kichupa cha dawa ndani ya friji. Kisha alilowesha pamba kwa spiriti na kuusugua mkono wa shangazi yake, Bathsheba, ambaye alikuwa muuguzi hospitalini Homa Bay, na ambaye yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa sukari. Shangazi alijidunga sindano bila kukunja uso.

"Spiriti yako ina baridi leo," shangazi alisema asubuhi moja.

"Lakini chupa yake hukaa juani, pale dirishani," Nyasuguta alijibu.

"Hata mimi nimeliona hilo. Haya, kimbia shule."

Nyasuguta alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alikuwa ameletwa kutoka vilima vya Kisii wiki chache tu zilizopita. Huko alilelewa na nyanya yake, Bonareri, na hakuwahi kuona friji. Hata sasa alipoitazama haikumwingia akilini. Lilikuwa kabati jeupe lenye mlango mzito, na ndani yake mlikuwa na baridi ya kugandisha maji. Lakini chini yake kulikuwa na tangi la mafuta ya taa, na juu ya tangi utambi uliowaka usiku na mchana.

"Mzee Mirumbe," alimwuliza mtu aliyewasaidia kazi za nyumbani, "huo moto ni wa nini?"

Mirumbe alikuwa Mkuria wa makamo, mwenye mvi mbili tatu na maneno mengi. Yeye ndiye aliyejaza mafuta kila Jumatano na kukata utambi.

"Usiniulize mimi, binti," alisema. "Chini jehanamu, juu kilele cha Mlima Kenya. Mimi najaza mafuta na kunyamaza."

Basi Nyasuguta naye alinyamaza. Aliamua moyoni kwamba moto ule ulikuwa wa kuizuia baridi isizidi, kama vile mtu anavyoota moto asubuhi ya mvua. Jibu hilo halikumridhisha sana, lakini hakuwa na lingine.

Kila Ijumaa Mirumbe alimaliza kazi saa tisa, akaenda kwake hadi Jumapili asubuhi. Shangazi aliondoka saa kumi, kwa sababu zamu yake ilikuwa kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Nyasuguta alilala kwa jirani yao, Mama Mellen, ambaye alimpeleka kanisani siku ya Sabato. Lakini kabla ya kwenda kwa Mama Mellen, alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemwagiza. Katika nyumba ya nyanya, mtoto wa kike mdogo kuliko wote ndiye aliyezima moto jua lilipokuwa likizama Ijumaa, ili Sabato isiwakute wakikoka. Nyasuguta alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa na miaka sita. Hakuna aliyemshukuru wala kumkumbusha. Ilikuwa kazi tu, kama kufagia.

Kwa hiyo kila Ijumaa alimwagia makaa ya jiko maji. Alizima taa ya mezani. Halafu alipiga magoti na kuzima moto wa friji. Jumamosi jua lilipozama ziwani alirudi, akauwasha tena kama alivyomwona Mirumbe akifanya, akaufunga mlango wa nyumba na kumngoja shangazi.

Jumapili ya kwanza maziwa yalikuwa yamechacha. Shangazi alisema labda yalikuwa yameharibika tangu sokoni. Jumapili ya pili siagi ilikuwa imeyeyuka. Jumapili ya tatu shangazi alikitoa kichupa cha dawa, akakishika kiganjani, na hakukirudisha wala hakukitumia.

"Kina joto," alisema polepole. "Kina joto kama yai lililotoka kutagwa."

Nyasuguta alimtazama. Kwa wiki mbili sasa shangazi alikuwa akinywa maji kama mtu aliyetembea kutoka Ndhiwa kwa miguu. Alikuwa amekonda shingoni. Usiku aliamka mara nyingi.

"Itakudhuru, shangazi?"

"Dawa inayopata joto leo na baridi kesho, siwezi kuiamini. Na bila dawa siwezi kusimama wodini. Leo nitaomba nyingine hospitalini. Lakini nikiileta hapa, nitaiweka wapi?"

Nyasuguta aliinama kutazama chini ya friji. Moto uliwaka vizuri, wa buluu, umetulia. Alizidi kuchanganyikiwa.

Mirumbe alipofika alimkuta shangazi akimngoja mlangoni.

"Mirumbe, hii ni Jumapili ya tatu."

"Friji tena, Sista?"

"Friji tena. Ijumaa una haraka ya kwenda kwako. Utambi unaukata namna gani?"

"Naukata sawasawa kama ukucha wa bibi harusi. Tazama mwenyewe."

"Kuutazama hakunisaidii. Nimemwita fundi Monari. Akisema utambi ndio haukutunzwa, sitapiga kelele. Lakini itabidi utafute kazi kwingine. Mimi hapa nachezewa uhai wangu."

Mirumbe aliokota ufagio, akaenda kufagia ua ambao ulikuwa safi.

Monari alikuja saa tano na mfuko wa ngozi. Zamani alifanya kazi kwenye mitambo ya mgodi wa Macalder, na alizoea kuongea kidogo. Hakuigusa friji. Aliomba kwanza glasi ya maji.

"Una kiu, fundi?" Nyasuguta aliuliza.

"Mimi sina. Ni ya friji."

Aliiweka glasi juu ya friji, akajikunja hadi macho yake yakawa sawa na maji. "Haijainama," alisema. "Friji ya namna hii ikiinama, haifanyi kazi." Kisha alichana kipande cha gazeti, akakibana kwenye mlango na kukivuta. Kilikataa kutoka. "Mpira wa mlango mzima." Aliingiza mkono nyuma, kati ya friji na ukuta, akasikia hewa ikipita. Alizima moto, akangoja bomba la moshi lipoe, akapitisha brashi humo. Masizi yaliyotoka hayakujaa kijiko. Utambi aliutazama muda mrefu kuliko vitu vyote.

"Nani anaukata huu?"

"Mimi," Mirumbe alisema kutoka mlangoni.

"Umekatwa vizuri."

Shangazi alikunja uso. "Basi ubaya uko wapi, fundi? Kila kitu kizima, na dawa yangu ni ya moto."

"Bado sijui. Tusikimbie." Alivuta tangi, akatumbukiza kijiti, akakitoa na kukipima kwa vidole. "Mafuta yalijazwa lini?"

"Jumatano jioni," alisema Mirumbe. "Hadi kwenye alama."

"Friji hii hunywa kidole kimoja kwa siku moja, usiku na mchana. Tangu Jumatano jioni hadi sasa ni vidole vitatu na nusu. Hapa vimepungua viwili na nusu." Alihesabu tena. "Siku moja nzima moto huu haukuwaka. Halafu uliwashwa. Na hizo siku nyingine, Sista, iliharibika lini?"

"Jumapili. Zote Jumapili."

Wote watatu, Nyasuguta akiwamo, waligeuka kumtazama Mirumbe. Kisha Nyasuguta aliona anamtazama mtu asiye na kosa. Siku moja nzima. Kutoka jua kuzama hadi jua kuzama. Masikio yake yalipata moto. Lakini hata hapo hakuelewa. Alikuwa ameondoa moto, na moto ni joto. Ukiondoa joto, joto linatoka wapi?

"Kwa hiyo Ijumaa uliuzima ili ukate utambi, ukasahau kuuwasha," shangazi alimwambia Mirumbe. Sauti yake ilikuwa ya uchovu zaidi kuliko hasira. "Jumamosi ukakumbuka, ukaja kuuwasha kimya kimya."

"Sista, Jumamosi nilikuwa kwangu."

"Nani mwingine anajua kuuwasha?"

Mirumbe alikwenda kwenye msumari uliokuwa nyuma ya mlango, akalitoa koti lake. Nyasuguta aliona jinsi alivyolikung'uta vumbi, taratibu, kama mtu anayeondoka mahali ambapo hatarudi. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyemfikiria.

"Ni mimi," alisema.

Hawakumsikia. Akasema tena, kwa nguvu kiasi cha kujishtua mwenyewe.

"Ni mimi ninayeuzima! Ijumaa. Kwa sababu ya Sabato. Nyanya alisema Sabato isitukute na moto. Nauwasha Jumamosi jua likishazama. Sikujua, shangazi. Nilidhani moto ni wa joto. Sikujua nakuharibia dawa."

Alianza kulia. Kilichofuata hakukitegemea. Mirumbe alicheka hadi akashika kizingiti cha mlango.

"Jehanamu imezimwa na mtoto wa Msabato!" alisema huku akifuta macho. "Kumbe wachungaji wanahangaika bure!"

Monari naye alitabasamu. Alimwita Nyasuguta karibu. "Lete spiriti, na pamba."

Aliupaka mkono wa Nyasuguta spiriti. "Chupa ilikuwa ya baridi?"

"Hapana. Ilikuwa juani."

"Na mkono?"

"Una baridi sasa."

"Spiriti inapokauka inageuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la ngozi yako. Ndani ya mabomba ya friji kuna dawa yenye tabia hiyohiyo. Moto wa chini unaichemsha ili ipande juu. Huko juu inakauka kama spiriti, inachukua joto la maziwa na la kichupa cha shangazi yako, kisha inarudi chini kuchemshwa tena. Moto ukizimwa, safari imekwisha. Na ukiuwasha, friji haipati baridi ndani ya saa moja. Huchukua usiku mzima na mchana wake."

Nyasuguta aliutazama mkono wake. Kila asubuhi jibu lilikuwa pale mkononi mwake, kwenye pamba.

Shangazi alisimama mbele ya Mirumbe. "Mirumbe, nimekukosea. Nilikuhukumu kabla ya kupima mafuta. Naomba ulirudishe koti msumarini."

"Limekwisha kukung'utwa, Sista," alisema Mirumbe. "Halina vumbi hata kidogo." Akalitundika.

Jioni hiyo shangazi alimketisha Nyasuguta kando yake. Kichupa kipya cha dawa kilikuwa kimekaa kwenye mtungi wa maji, kikingoja friji ipoe.

"Mimi pia naishika Sabato," alisema. "Lakini siku hiyo wodini nachemsha sindano za wagonjwa, kwa sababu kulinda uhai wa mtu ni kazi ambayo haina mapumziko. Moto wa friji ni wa kazi hiyo. Sitakuadhibu kwa kutojua. Kitu ambacho hukielewi, kiulize kabla hujakigusa, na ukiambiwa 'sijui', muulize mtu wa pili, na wa tatu. Mimi nilikuwa na jibu la nusu, sikuuliza, nikakaribia kumfukuza mtu mwaminifu. Wewe uliogopa, lakini ulisema. Ungenyamaza, Mirumbe angeondoka, na Ijumaa ijayo ungeuzima tena. Na mimi ningeendelea kuugua bila kujua kwa nini."

Ijumaa iliyofuata Nyasuguta alizima jiko na taa ya mezani. Alipiga magoti mbele ya friji. Mkono wake ulizoea kufika pale, nao ulifika. Aliutazama moto wa buluu kwa muda, kisha akarudisha mkono na kwenda kwa Mama Mellen.

Jumapili asubuhi alikitoa kichupa cha dawa. Kilikuwa na baridi hadi vidole vikauma.