Kozi wa Mwezi wa Nane

"Mgeni keshabisha hodi, Bu Khalfan. Mtafute!" makao makuu ya polisi yalimwambia redioni.

Ghanim, ndiye Bu Khalfan, baba yake Khalfan, alikanyaga mafuta ya Land Cruiser mpaka mchanga ukarukia kioo. Kwa lugha yao ya siri, mgeni maana yake droni yenye baruti.

"Iko wapi, Moza?"

Moza, upande wa pili wa redio, alikuwa kwenye rada za uwanja wa ndege wa Al Ain. "Siioni! Kiooni nina droni moja tu, ya kufundishia ndege kozi kuwinda. Imesajiliwa, mfumo umeipa njia yake, nikaipitisha."

Ndege ya abiria ilikuwa inashuka. Shamma, mke wa Ghanim, alikuwa ndani.

"Moza, mwezi wa nane nani anafundisha kozi?"



Mwezi wa nane kozi wote wamefungiwa ndani kwenye ubaridi, wanabadili manyoya. Hata mtoto wa Al Ain anajua.

"Ya Allah! Nimeipitisha mwenyewe!" Moza alilia. "Inaifuata ndege! Rubani akipaa anaikuta, akitua anaikuta! Inarushwa toka nyuma ya kilima, kushoto kwako!"

Ghanim aliogopa. Aliogopa hasa, lakini akakata usukani kushoto.

Nyuma ya kilima palikuwa na pikapu. Mzungu mmoja ndani ya kandura, kanzu ya Waarabu wa huko, kozi mkono wa kushoto, rimoti mkono wa kulia.

"Salamu aleikum," Mzungu alitabasamu. "Namfundisha ndege wangu."

"Jua hili? Unamfundisha au unamchoma?"

Tabasamu likafa. Kidole kikaenda kwenye kitufe chekundu.

Glock, bastola ya Ghanim, ilibweka mara moja. Rimoti ikaanguka, Mzungu akapiga magoti akiushika mkono, kozi akapiga mbawa kwa hofu.

Ghanim aliiokota rimoti. 

"Moza! Nafanyaje? Kuna vijiti viwili na kitufe chekundu!"

"Kijiti cha kushoto! Vuta chini! Usiguse chekundu, kitalipua!"

Alivuta. Mngurumo ukamjia juu ya kichwa, tumbo jeupe la ndege likapita. Hakuthubutu kutazama.

"Moza? Moza, sema basi!"

"Imeanguka mchangani," Moza alisema akilia. "Ndege imetua. Wote wazima."

Ghanim alimfunga Mzungu pingu. Akampandisha kozi kwenye gari, akamfungulia kiyoyozi.

Simu ikaita.

"Nimefika," alisema Shamma. "Safari tamu, nimelala njia nzima. Mbona unahema hivyo?"

Ghanim alifuta machozi kwa kilemba chake.

"Joto tu, mama Khalfan. Joto la hapa unalijua."