Maswali ya Kwenye Lango la Zizi

Naisiae alikuwa anakamua ng'ombe, lakini macho yake yalikuwa kwa binti yake. Kaika alikaa juu ya jiwe kando ya zizi. Kitabu magotini, midomo inachezacheza. Alikuwa anasomea urubani Dar es Salaam, na sasa ilikuwa wiki ya tatu yuko nyumbani Handeni. Kwa Naisiae, rubani ni mtu anayerusha ndege. Huyu wake anakaa juu ya jiwe.

"Kaika, likizo yenu inaisha lini?"

"Karibu, yeyo," Kaika alisema, akimwita mama yake kwa Kimaasai.

"Juzi uliniambia Jumatatu."

"Wameongeza siku."

Alijibu bila kuinua uso. Naisiae aliendelea kukamua, lakini lile jibu halikumkaa vizuri.

Mume wake, Salaash, akaja na simu mkononi.

"Denis kapiga tena," alisema. Denis alikuwa dalali wa mifugo mjini. Alidai ana jamaa zake kwenye mambo ya ndege. "Anasema rubani hupimwa kwa saa alizokaa angani. Saa zikitimia, leseni inatoka. Tukimpa fahali mwekundu, saa zote zilizobaki mtoto atazipata mwezi huu."

"Na mitihani?"

"Makaratasi tu! Mchungaji anafundishwa na karatasi? Anafundishwa na pori. Ijumaa Denis anakuja na gari."

Naisiae alimtazama fahali mwekundu. Madume wawili walikwisha kwenda kwenye ada ya chuo. Huyu ndiye aliyebaki. Akienda, mwakani hakuna ndama.

Jioni ile simu ya Kaika iliwaka juu ya kigoda. Mwenyewe alikuwa mtoni. Naisiae alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima tangu mwaka jana. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno: "Njoo kesho saa nne. Mambo ya kuruka tuyaache kwanza." Jina la aliyetuma lilikuwa "E. Manundu".

Alirudia kusoma mara tatu. Manundu ni kule Korogwe mjini. E. ni nani? Mwanamume? Na kama mambo ya kuruka yameachwa, kipi kimeanza?

Asubuhi Kaika alivaa viatu. "Nakwenda Mkata, yeyo. Kwa Ritha."

"Msalimie," Naisiae alisema.

Akamfuata kwa mbali mpaka barabarani. Basi la Mkata lilipita, Kaika hakupanda. Likaja la Korogwe, akapanda. Naisiae akajifunika shuka kichwani, akapita mlango wa nyuma. Kaika alikaa mbele, kitabu usoni. Njia nzima hakugeuka hata mara moja.

Manundu, Kaika aliingia nyumba yenye mti mrefu uani. Juu ya mti palifungwa mfuko wa kitambaa, unajaa upepo. Naisiae alisubiri kidogo, kisha akapiga hodi kwa sauti ya mtu aliyekuja kwa shari.

"Karibu!"

Aliingia. Ndani palikuwa na bibi mmoja mwenye miwani, ramani mezani, rula, na Kaika aliyekauka kama aliyeona nyoka. Naisiae alitafuta mwanamume kwa macho. Akachungulia hata nyuma ya mlango.

"Huko nyuma kuna ufagio tu," bibi alisema. "Kaa kwanza, mama."

Naisiae akaona haya. "Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Evodia. Nilipima hali ya hewa uwanja wa ndege mpaka nikastaafu. Mwalimu wa huyu ndiye aliyemwelekeza kwangu." Akamgeukia Kaika. "Mwambie mama yako ukweli. Mimi nilidhani nyumbani wanajua."

Kaika aliinamisha kichwa. "Nimeanguka mtihani, yeyo. Ule wa kutafuta njia angani. Chuo kimesema nirudie. Ningemwambiaje baba? Madume wawili, halafu niangushwe na karatasi?"

"Kwa hiyo hakuna likizo?"

"Hakuna."

"Na Mkata?"

"Hakuna, yeyo. Nisamehe."

Naisiae alivuta pumzi. Hasira ilikuwepo, lakini hofu ilianza kumtoka. Akamgeukia Evodia. "Mtu mmoja anatuambia saa ndiyo kila kitu. Fahali wetu anachukuliwa Ijumaa."

"Saa na mitihani, vyote vinatakiwa," Evodia alisema. "Saa zinafundisha mkono. Masomo yanafundisha kichwa. Mkono wa Kaika ni mzuri, mwalimu wake anamsifu. Lakini nguvu zote alipeleka kuruka, vitabu akaviacha. Mtu asiyeelewa upepo na mafuta, akiruka saa moja anaambulia nusu. Akiwa amesoma, saa ileile inamfaa mara mbili."

"Basi aache kuruka?"

"Moja kwa moja, hapana. Mkono ukikaa sana unasahau. Kwa sasa asome mpaka awe tayari. Karibu na mtihani aruke kidogo na mwalimu wake. Akifaulu, amalizie saa. Na asikawie mno, maana hata mtihani uliofaulu una muda wake. Chuo kitamwambia." Akasogeza ramani pembeni. "Nyinyi mtoto mnampa lini kundi alichunge peke yake?"

"Akishalijua pori."

"Mnajuaje kwamba amelijua?"

Naisiae alimwona Salaash akilini mwake, kasimama kwenye lango la zizi, fimbo mkononi, anamhoji kijana. Mvua ikinyesha milimani, korongo lipi linajaa? Majani gani yanavimbisha tumbo la ndama? Aliyekosa hakupewa kundi, hata kama alitembea porini mwaka mzima.

"Tunamuuliza," alisema.

"Basi huo ndio mtihani."

"Na Denis je?"

"Kila saa huandikwa kwenye kitabu cha rubani. Siku gani, ndege gani, kutoka wapi kwenda wapi, na mwalimu gani alisimamia. Muulize hayo tu."

Ijumaa Denis alifika na kamba. Salaash alikuwa tayari anamleta fahali, maana Naisiae hakuwa amemwambia kitu; alitaka asikie mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabla hujafunga kamba, niambie. Kaika ataruka siku gani?"

Denis alicheka. "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Siku ni utaalamu? Haya, ndege gani? Mwalimu gani?"

"Hata hana haja ya kwenda huko, mama. Mtoto akae nyumbani apumzike. Zile saa zinaandikwa tu."

Salaash aligeuka. "Zinaandikwa tu?"

"Wengi wanafanya hivyo, mzee."

"Yaani mwanangu aandikwe amechunga kundi ambalo hajawahi kulitoa zizini? Siku simba akija, simba atasoma hayo maandishi?"

Denis alikunja kamba yake, akaondoka na gari tupu.

Ndipo Kaika akamweleza baba yake yote. Salaash hakufoka. Alikaa siku mbili bila kumsemesha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Siku ya tatu jioni, ng'ombe wakirudi, alisimama kwenye lango la zizi.

"Kaika, njoo. Mvua iko mbele yako, mafuta ni kidogo. Unafanya nini?"

"Nageuza mapema, baba. Naenda uwanja mwingine."

"Upi?"

"Nilioupanga kabla sijaondoka."

Salaash alisogea, akamwachia njia.

Tangu siku hiyo, kila jioni ilikuwa hivyo. Kaika aliandika maswali kwa Kiswahili, Naisiae akayasoma, kidole kikifuata maneno. Salaash alisikiliza na kutikisa kichwa, hata pale asipoelewa. Kila Jumatano Kaika alikwenda Manundu, na aliaga kuwa anakwenda Manundu. Mwezi wa mwisho kabla ya mtihani alirudi chuoni, akaruka mara chache na mwalimu wake.

Siku ya matokeo simu iliita wakati Naisiae anakamua.

"Yeyo, nimefaulu! Wiki ijayo naanza kumalizia saa."

Salaash aliichukua simu. Nyuma yake fahali mwekundu alikuwa anakula taratibu.

"Nimesikia," alisema. "Upepo wa ubavuni ukikuzidi wakati wa kutua?"

Kaika alicheka. "Sing'ang'anii, baba. Napandisha tena juu, natafuta kwingine."

Salaash aliitazama njia ya kwenda malishoni.

"Haya," alisema. "Lango liko wazi."