Ijumaa Gari la Habibu Lilipogoma

Maiti ilikuwa imefungwa mkanda.

Ndicho kitu cha kwanza alichokiona Inspekta Faustina alipoinama dirishani. Habibu, mfanyabiashara wa vitunguu wa Mwanjelwa, alikuwa ameketi kiti cha abiria ndani ya gari lake la silva, kanzu ya Ijumaa mwilini, mkanda umepita kifuani kama mtu anayeogopa trafiki. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi, Faustina alikuwa amekuta maiti za kila namna. Iliyotii sheria za barabarani ilikuwa ya kwanza. Wazo hilo lilimtia aibu papo hapo, maana mjane alikuwa amekaa chini kando ya tairi, ufunguo ungali mkononi.

"Nilimfunga mimi," Rukia alisema kabla hajaulizwa. "Nilijua tunaondoka."

"Ilikuwaje, mama?"

"Alirudi kutoka msikitini ameshika kifua. Nikamwingiza garini. Leseni yangu ina wiki tatu, afande, lakini hospitali naijua. Nikawasha, kimya. Nikawasha tena, kimya. Taa zinawaka, injini haishtuki. Nusu saa nzima. Bajaji ya jirani ilipofika, alikuwa ameshanyamaza."

Daktari wa polisi aliandika mshtuko wa moyo. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kama marehemu angefikishwa mapema, huenda angepona.

Zubery, kaka wa marehemu, aliyasikia hayo. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko busara yake.

"Mwandike huyo mwanamke, afande! Mume anakata roho, yeye anachezea ufunguo."

"Afande," Koplo Asukile aliita kutoka chini ya dashibodi. Huyo ndiye fundi wa magari ya kituo. "Hapa hata aliyeliunda gari asingeliwasha. Kontroboksi haipo."

"Sema Kiswahili cha watu."

"Kompyuta ya gari. Imenyofolewa, nyaya zinaning'inia."

"Imevunjwa?"

"Imefunguliwa kwa adabu. Na skrubu hizi hapa, zimefungwa kwenye karatasi, zimewekwa droo ya gari. Mwizi gani anatunza skrubu za watu?"

Mlango wa gari haukuwa na mkwaruzo. Maana yake ulifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo huo siku zote hutundikwa kwenye msumari sebuleni.

"Basi kaling'oa yeye mwenyewe!" Zubery alidakia. "Kamuua ndugu yangu, arithi ghala. Leo hii atoke kwenye nyumba hii!"

Rukia hakujitetea. Alimshika Faustina kiwiko cha mkono.

"Wakinitoa, eda yangu nitakaa wapi? Nitafutie aliyefanya hivi, dada yangu. Sina mwingine."

Faustina akamwinua, akamketisha kibarazani.

"Jana nani alilala hapa?"

"Sisi wawili. Na shemeji Tadeo wa Iringa, mtani wake. Alfajiri akapanda basi kurudi."

"Hana gari?"

"Analo, kama hili hili. Yalishuka meli moja, rangi moja, Habibu akiyaita mapacha. Lake limeharibika."

Faustina akaandika jina hilo, akalipigia mstari.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mazishi, alipiga simu Iringa kwa wakala anayehudumia magari ya aina ile. Alipokea kijana wa kaunta mwenye sauti ya mtu aliyevaa tai shingoni.

"Tadeo? Ndiyo, afande. Jumanne tulichomeka mashine ya kupimia kwenye gari lake, tukampa makadirio ya kontroboksi mpya. Milioni sita na laki nane."

"Akasemaje?"

"Alicheka sana. Akauliza kama kwa bei hiyo boksi linakuja na dereva wake."

"Halafu?"

"Halafu akakaa kwenye benchi letu mpaka tunafunga."

Alasiri ile Tadeo alifika mazikoni, mrefu, koti limempwaya. Watu wakaanza kusogea, midomo imeshajiandaa kucheka. Mtani akifiwa na mtani wake kazi yake inajulikana. Huruka kaburini akadai alipwe kodi ya shimo, huigiza marehemu alivyokuwa akibania bei, mpaka waliaji wacheke na machozi yao. Na hawa wawili walikuwa wakitaniana tangu walipokutana kununua vitunguu Ruaha Mbuyuni, miaka kumi na minne iliyopita. Habibu akitangaza kwamba Tadeo ameshakufa, anayetembea ni koti tu.

Tadeo alichukua koleo. Akafukia kaburi bila neno, mpaka wenzake wakamnyang'anya.

"Eti mtani naye analia," bibi mmoja alinong'ona wanaume waliporudi nyumbani. "Sisi atatuliwaza nani?"

Faustina alizaliwa huku huku nyanda za juu. Mtani akikosa utani msibani, kuna kitu kimemkaba koo. Ila kimya hakipelekwi mahakamani kama kielelezo. Jioni akamwambia Rukia autundike ufunguo pale pale kwenye msumari.

"Aliyetunza skrubu anakusudia kurudi," alisema. "Tumngoje."

Jumapili, saa nane mchana, wanaume walikuwa ukumbini wakisoma dua. Faustina na Asukile walikuwa nyuma ya magunia ya ghala, harufu ya vitunguu ikiwatoa machozi ambayo hayakuhusu msiba. Tadeo alitoka kwa mlango wa jikoni. Alifungua gari, akajilaza chini ya dashibodi, akatoa ndani ya koti kitu kilichoviringishwa kwenye taulo.

"Anarudisha," Asukile alinong'ona. "Tumdake?"

"Mwache amalize."

Dakika kumi za bisibisi. Kisha Tadeo akakaa kiti cha dereva, akazungusha ufunguo.

Gari likawaka mara moja.

Dua ilikatika. Watu walijaa barazani. Rukia alitoka mbele yao wote, akasimama akilitazama gari linavyonguruma vizuri, bila kasoro, siku mbili baada ya mwenyewe kwenda.

Faustina alizima injini, akamtoa Tadeo kwa mkono.

"Uko chini ya ulinzi. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, litaandikwa na litatumika mahakamani."

"Andika, afande. Nimechoka kulibeba."

"Hukuweza kumwomba?"

"Nilimwomba. Alhamisi, tukila. Nikamwambia, mtani, niazime boksi lako siku moja tu. Akasema, 'Sikuazimi, kaibe kama unaweza.' Tukacheka wote wawili." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Nikaenda nikaiba. Kwetu huo ni ruhusa, afande. Ijumaa hatoi gari, anakwenda msikitini kwa miguu. Jumamosi ningelirudisha, tungecheka mwaka mzima."

"La nini, sasa?"

"La kujaribishia. Wale wa dukani wanataka milioni sita na laki nane. Ili nilipe, lazima niuze shamba la vitunguu, na sina lingine. Fundi wangu Ombeni akaniambia hao wanabahatisha kwa hela ya mtu, nitafute boksi la gari kama langu tujaribu kwanza. Nilitaka kujua tu kama ni kweli, kabla sijauza."

"Ukajua?"

"Halikuwaka. Ombeni akasema boksi hili haliwashi kitu bila ufunguo wa gari lilikotolewa." Alicheka kicheko kidogo kibaya. "Sikujua chochote. Nimemwua bure."

Zubery alikuwa ametazama chini tangu gari lilipowaka. Rukia alishuka ngazi za baraza, akasogea mpaka mbele ya Tadeo.

"Shemeji. Ijumaa, saa tisa kasoro, ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi."

"Nilikupigia mara tatu kwa simu yake. Aliniambia, 'Mpigie Tadeo, gari lake ni kama hili, atatuambia tunakosea wapi.'"

Faustina alisubiri na kalamu yake. Angeweza kumwonea Tadeo huruma, akamwacha asiseme. Hakumwacha.

"Uliiona hiyo simu?"

"Niliiona. Jina lake likawa linawaka juu ya boneti. Nikadhani amefungua gari, ameona nyaya, anataka kunitukana." Sauti ilikuwa imepungua mpaka Asukile akasogea ili asikie. "Nikamwambia Ombeni, mtani kashtuka. Nikaifudikiza simu. Tukacheka."

"Mara ya tatu pia?"

"Mara ya tatu pia, shemeji."

Rukia alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu dakika.

"Mlipokuwa mnacheka," alisema, "alikuwa bado anaongea."

Tadeo mwenyewe ndiye aliyenyoosha mikono kwenye pingu. Zubery akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka nyuma ya mjane.

"Kaa, shemeji," alisema. "Nisamehe. Hapa ni kwako."

Rukia hakukaa. Alibaki amesimama mpaka gari la polisi lilipokata kona, akamwuliza Zubery kama waliokuwa wakisoma dua wameshakula.