Kubali Zote

Tak. Tak-tak. Kimya. Tak-tak-tak.

Mwaisha alifumbua macho gizani, na kitu cha kwanza ni kumpapasa mwanawe Shamimu ubavuni, akamkuta, yupo, anapumua, kisogo kina jasho kidogo kama kawaida yake. Cha pili ni kukumbuka kwamba umeme umekatwa tangu magharibi. Ilikuwa zamu ya mtaa wao, Kihonda, kwenye mgao. Sasa nani anachapa kompyuta upande wa pili wa ukuta?

Alisikiliza. Panya hatafuni hivyo. Panya hapumziki mwisho wa sentensi, na huyu alikuwa anapumzika.

Jengo lenyewe lilikuwa ofisi ya kiwanda cha katani, enzi hizo kiwanda kina watu. Serikali ilipoanza kuuza viwanda vyake, nacho kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, mageti yakafungwa, makarani wakabaki popo. Halafu Hosiana, mama wa Kipare mwenye akili ya biashara, akapanga vyumba vya mbele, akaweka kompyuta moja na printa, akaanza kuwachapia wanachuo tasnifu zao. Mwaisha ndiye mchapaji wake, na usiku mlinzi wake pia, maana stoo ya nyuma alipewa alale bure na mtoto. Mumewe, Abdulatif, alikwenda Mererani kuchimba mawe ya tanzanaiti Shamimu hajaanza hata kukaa. Sasa mtoto anasimama dede. Barua hakuna, salamu hakuna.

Hakuinuka kwenda kuangalia. Nani angeinuka? Alijifunika khanga mpaka puani, na humohumo ndani ya khanga akasikia harufu ya katani mbichi iliyolowekwa, wakati mashine za kiwanda hazijazunguka tangu yeye yuko sekondari.

Asubuhi akaja Anselmi, mwanachuo wa Mzumbe, kuchukua kazi yake. Akaisoma palepale mezani, akakunja uso.

"Dada, mimi naandika Kiingereza, au sio? Sasa hii nini hapa katikati?"

"Wapi?"

"Hapa. Kiswahili kimeingiaje kwenye tasnifu yangu?"

Hosiana akavuta kiti. "Msigombane. Kompyuta yenyewe itasema." Akaingiza disketi yenye toleo la juzi, akaiambia mashine ililinganishe na la leo. Ndivyo walivyofanya kila msimamizi wa chuo aliporudisha kazi: unaipa mashine la zamani na jipya, yenyewe inatia wekundu kila kilichoongezwa. Kisha inakuuliza kwa Kiingereza chake, na Hosiana alishamfundisha Mwaisha kwa Kiswahili: hiki kitufe kubali, hiki kataa, na hiki cha pembeni kubali zote.

Wekundu ulikuwa mahali pamoja tu. *Mwaisha. Mwaisha, upo macho?*

"He! Mama Shamimu," Hosiana akacheka, "umeanza kujiandikia barua mwenyewe?"

"Si mimi, dada. Wallahi si mimi."

"Kwani Mwaisha ndiyo nani?" Anselmi akauliza.

"Ndiyo mimi," akasema polepole.

Maana kwa majirani alikuwa Mama Shamimu, kwa wateja alikuwa dada, na Hosiana jina alilijua ila hakuwahi kulitumia. Mtu wa mwisho kumwita Mwaisha alikuwa Abdulatif, mguu mmoja uko ndani ya basi.

Basi, angesema. Angemwambia Hosiana kuhusu ile tak-tak. Lakini stoo ikifungwa, angelala wapi? Basi kila alfajiri umeme uliporudi akawa anawahi mezani kabla mtu hajafika, analinganisha la jana na la leo, anatafuta wekundu. Ulikuwepo kila siku. *Umechoka, Mwaisha. Mgongo unakuuma upande wa kushoto.* Kweli ulimuuma. *Hajafa huyo, amesahau tu.* Hapo alilia, kisha akajishangaa anacheka, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kumwambia hivyo, wote walisema vumilia, atarudi. Alikuwa anayakataa maneno, yanafutika, tasnifu inabaki safi. Lakini kwanza aliyasoma mara mbili, mara tatu. Jamani, alianza hata kuchana nywele kabla ya kuwasha mashine.

Ikafika siku ya Anselmi kukabidhi. Alisimama nyuma ya kiti cha Mwaisha, funguo zinalia mkononi.

"Dada, fanya haraka, umeme unakatwa sasa hivi!"

"Ngoja nipitie moja moja."

"Unapitia nini? Masahihisho yote ni ya msimamizi. Kubali zote, tuchape!"

Mtoto analia mgongoni, mteja mwingine anagonga dirisha na sarafu, Mwaisha akabonyeza. Kubali zote. Printa ikaanza kukoroma. Ukurasa wa kwanza ulipotoka alikuta mstari mmoja chini kabisa, haukuwa mwekundu tena, ulikuwa mweusi kama maneno mengine yote.

*Mtoto alale kwangu.*

Umeme ukakatika. Na mtoto mgongoni akanyamaza.

Usiku ule Shamimu hakuamka kunyonya, na Mwaisha aliamshwa na maziwa yaliyojaa mpaka kifua kinauma, akamgeuza mtoto akamkuta wa baridi, macho wazi, anautazama ukuta na kutabasamu kama mtu anayeimbiwa, na huko nyuma ya ukuta tak-tak ilikuwa imepunguza mwendo, taratibu, taratibu, kama kiganja kinachopigapiga mgongo wa mtoto ili alale, na harufu ya katani ikazidi mpaka akaionja ulimini, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu zote na akamwona amekuwa mwepesi, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa, akataka kupiga kelele akakumbuka kwamba kutoka pale mpaka nyumba ya kwanza yenye mtu ni kiwanda kizima kitupu.

Kulipokucha Shamimu alikataa ziwa. Hospitali wakapima malaria, hakuna. Ndipo Mwaisha akaropoka yote mbele ya Hosiana, kwa pumzi moja, na Hosiana, Mlutheri wa kutokosa ibada, hakucheka. Akatuma mtu Kinole, milimani, kumwita Mzee Kibwana, kaka wa mama yake Mwaisha, ambaye watu wa huko humfuata kwa mambo hayo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwipwa." Mzee hakukaa. Alinusa chumba, akaweka ubani kwenye kigae chenye makaa. "Nyumba haikai tupu hata siku moja. Jini huyu alizoea mamia ya watu humu, wakafukuzwa wote, akabaki peke yake. Alikuomba nini?"

"Aliandika mtoto alale kwake."

"Ukamjibuje?"

"Sikusoma, mjomba! Nilikubali zote, nilikuwa na haraka..."

"Aaa." Mzee akafumba macho. "Jini havunji mlango, mwipwa. Anaomba, na kwetu mtoto hatolewi ila mama akubali. Ulimkubalia kwa kidole. Mkatalie kwa kidole hichohicho, na kwa mdomo. Neno moja moja, usiruke hata moja."

Mchana ule umeme ulikuwepo. Hosiana akampakata mtoto, ambaye sasa alipumua kama anayesahau kupumua. Mwaisha akaingiza disketi ya toleo la zamani kabisa, la kabla ya usiku wa kwanza, akalinganisha. Skrini ikajaa wekundu, na yale aliyokwisha kuyafuta yakiwemo, yote yamerudi.

*Mwaisha, upo macho?* "Sikutaki." Akabonyeza.

*Umechoka, Mwaisha.* "Sikutaki." Kidole kikakawia juu ya kitufe.

"Kaza moyo, mwipwa," mzee akanong'ona.

*Mtoto alale kwangu.*

"Nakataa! Mwanangu ni wangu! Nakataa!"

Kigae cha ubani kikapasuka vipande viwili. Na Shamimu akalia, kilio kikubwa, cha hasira, cha njaa, maziwa yakalowesha blauzi ya Mwaisha palepale.

"Ametoka!" Hosiana akapiga kigelegele. "Mama Shamimu, njoo umnyonyeshe!"

"Amalize kwanza," mzee akasema. "Limebaki lolote?"

Lilibaki moja. Chini kabisa, baada ya orodha ya vitabu, neno ambalo hakuwahi kuliona.

*Mtoto nimekuachia. Nisifukuzwe na mimi, Mwaisha. Nitakuwa nakuita jina lako tu. Usimwambie mtu.*

Mwaisha akageuza shingo. Shamimu alikuwa na macho mekundu kwa kulia, mzima. Mjomba wake alikuwa anaokota vigae, jioni atapanda mlima kurudi kwake. Hosiana alikuwa ameshatazama saa, ana watoto nyumbani na mume anayesubiri chakula.

"Mama Shamimu! Mtoto huyu!"

"Limebaki lolote, mwipwa?"

"Hakuna, mjomba. Yameisha."

Akaegemea skrini kwa kifua wasione, na kwa kidole kilekile akachapa, herufi moja moja, bila kutoa sauti: *Simwambii mtu.*