Harufu ya Siku ya Tatu

"Wafanyakazi wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia tarehe ya tangazo hili, birika la umeme la chumba cha wauguzi litawashwa tu pale ambapo yupo mtu mwenye nia ya dhati ya kunywa chai."

Tangazo hilo, lenye muhuri na sahihi mbili, lilibandikwa ukutani asubuhi moja tulivu, sakafu ikiwa bado mbichi kwa maji ya deki na wagonjwa watatu wa kwanza wakisinzia benchini. Halikutaja jina, wala halikuhitaji. Hospitali nzima ilijua kwamba Mama Bandeji, muuguzi wa chumba cha vidonda, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, alikuwa ameitwa kwenye usaili wa chuo cha udaktari. Barua ya mwito ilisema kila jibu lisizidi dakika nne, na birika lile lilichemka kwa dakika nne. Basi kila mapumziko alilijaza maji, akaliwasha, akajibu swali moja mbele ya kabati la bandeji, na swichi iliporuka akanyamaza.

Alilisoma tangazo, akachomoa waya, asiseme neno. Kunyamaza kulikuwa fani yake ya pili, enyi mnaosoma, na fani hiyo ilikuwa imekwisha kuitoza nyumba yake mguu mmoja. Nitaeleza.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Jumamosi alasiri shemeji ya Mama Bandeji, mwalimu wa udereva, alikuja kumnoa kwa usaili wa Jumatatu. Mwalimu huyo hakuwa amewahi kufanyiwa usaili wowote, jambo ambalo halikumpunguzia uhakika.

"Wakikuuliza kosa lako kubwa, hilo ni mtego," alisema. "Sema unajituma kupita kiasi."

"Hilo nalo ni kosa?"

"Ndiyo uzuri wake, shemeji. Si kosa. Gari likikuzimikia mlimani huteremki kuwaomba abiria radhi. Unavuta breki ya mkono, unatazama mbele kama mwenye mpango."

"Na likirudi nyuma?"

"Unatazama mbele zaidi."

Fundi, aliyekuwa akikunja pindo la suruali, hakuinua kichwa. "Ndiyo maana wanafunzi wako wanafeli."

Mwalimu alipokwisha kuondoka, Mama Bandeji alilirudia jibu la kujituma mara tatu. Mara ya nne aliliacha katikati.

"Baba watoto," alisema, "ule mguu."

Cherehani ilisimama.

Miaka kumi na mmoja nyuma, fundi alipata kidonda cha unyayo. Daktari wa zamu aliagiza kifungwe kwa nguvu na kisifunguliwe hadi siku ya tano. Aliyekifunga ni mkewe. Siku ya tano walipokifungua, vidole vilikuwa vyeusi, na mguu ukakatwa chini ya goti. Tangu hapo fundi aliendesha cherehani kwa mguu mmoja, na nyumbani habari hiyo haikuzungumzwa, kama vile mguu ulikuwa umesafiri.

"Siku ya tatu nilinusa," alisema mkewe. "Harufu ile naijua. Lakini daktari alikuwa amekwisha kuagiza, nami nani wa kumsahihisha? Nikaongeza bandeji juu yake, nikanyamaza."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto chake.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Kila ukija kuikagua bandeji ulikuwa ukinimwagia umbea wa wodi nzima. Siku ya tatu hukusema kitu. Nikajiambia, leo kuna jambo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilisubiri useme. Miaka kumi na mmoja, mke wangu. Wala si kwamba nina subira. Ni mguu tu ulionizuia kutoroka."

Alilisema bila tabasamu, naye mkewe alilipokea bila tabasamu. Kisha akalia, na fundi akamsogezea kipande cha bitana apanguse uso.

"Kawaambie," alisema. "Ila useme kama unavyoandika ripoti. Ukilia watadhani umekwenda kuomba huruma, na huruma haina kiti darasani."

Jumatatu wasaili walikuwa watatu, nyuma ya meza ndefu kupita haja. Mwenyekiti, profesa wa upasuaji, alianza na umri.

"Wenzako darasani watakuita mama."

"Nyumbani wananiita hivyo, Profesa, na bado hawanitii."

Mwenyekiti aligeuza karatasi. "Tuambie kosa lako kubwa kazini."

Jibu la kujituma lilimjia hadi ncha ya ulimi. Kulitoa kulikuwa rahisi; na kulikuwa na hatari ya kweli kwamba lingemfaa, kwa kuwa hakuna aliyekatazwa kuingia udaktari kwa kujituma. Alilimeza. Akaeleza kidonda, agizo, siku ya tatu, harufu, na mguu. Akataja kwamba mgonjwa ni mumewe, akakoma. Birika halikuwepo, lakini nadhani lisingekuwa limechemka bado.

Msaili wa kushoto aliacha kuchezea kalamu.

"Na ukiwa mwanafunzi wangu," aliuliza mwenyekiti, "ukaona nimekosea?"

"Nitakuambia."

"Nikikasirika?"

"Nitakuambia nikiwa nimesimama kando ya mgonjwa, ili ukasirike ukimtazama yeye."

Mimi si mwepesi wa kusifu watu. Wengi hupungua ukiwakaribia. Lakini sentensi hiyo nimeigeuza pande zote kutafuta kasoro, sijaiona.

Baada ya wiki sita barua ilifika: amekubaliwa. Fundi alimpima mabega, akamkatia koti jeupe. Shemeji alilishika koti upindoni na kusema, "Si nilikwambia lile swali ni mtego?"

FUNZO

Kumnyamazia mkubwa anapokosea si heshima. Ni kumwachia mgonjwa alipe gharama ya adabu zetu. Anayejua na aseme siku ya tatu, kwa maana siku ya tano kinachosema ni msumeno. Na aliyekwisha kunyamaza asidhani umri umemfungia mlango: kosa lililokiriwa hufundisha, lililopambwa hurudiwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini chuo kiliiandikia hospitali kuhusu habari ile ya kidonda, na bodi ya hospitali ikakaa vikao viwili. Uamuzi wake umebandikwa kando ya tangazo la birika, una muhuri na sahihi tatu: "Muuguzi yeyote mwenye shaka juu ya agizo la daktari ataiandika shaka hiyo katika nakala tatu na kuiwasilisha kwa daktari aliyetoa agizo, ambaye ndiye atakayeamua kama shaka hiyo ina msingi."